Filimbi Kwanza, Shikamoo Baadaye

Kwala, 22 Februari 1953

Kwa binamu yangu Biasha binti Saburi, fundi wa kushona asiyeshindwa na mtu Kisarawe nzima, maana cherehani yenyewe iko moja,

Pokea salamu zangu na za mama. Yeye, shangazi yako Mwanahalima, hajambo huko Misugusugu, isipokuwa goti, na goti lenyewe linamuuma siku za kupalilia tu. Siku za ngoma linapona. Mfikishie Mjomba shikamoo yangu, umwambie ile mbegu ya muhogo aliyonipa imeshika vizuri. Wewe sikusalimu sana, usije ukavimba kichwa ukashindwa kupita mlangoni.

Mwenzako nimepata cheo. Si cha ukarani, ukarani ni uleule wa kuhesabu mafungu ya mkonge na kutukanwa. Unakumbuka ule mpira wa kikapu niliojifunza shuleni Dar es Salaam, uliosema ni watu wazima kugombania kutupa taka? Bwana Ustawi wa Jamii ametuletea shambani mpira mmoja, filimbi na kitabu cha sheria, na anataka Kwala icheze na Kisarawe kwenu. Alitaka tucheze siku ya kutawazwa Malkia. Tukamwambia siku hiyo ni Ramadhani, mchezaji atamnyang'anya mwenzake mpira aule. Basi imekuwa Idd Pili. Milingoti tumesimamisha, pete tumekata kwenye mapipa, wavu tumesuka kwa katani. Wachezaji wamejaa tele. Waliokosekana ni marefa, nami nimekabidhiwa watu wanne niwafundishe sheria mpaka wawe waamuzi kamili.

Biasha, nitakufa kabla ya Idd. Kuna mmoja anaitwa Kondo, mnyapara, mtu wa adabu mno. Jana mzee Jumbe wa kule kwenye mashine aliukumbatia mpira kama mjukuu wake, akakimbia nao uwanja mzima bila kuudundisha hata mara moja. Kondo akapuliza. Nikasema alhamdulillahi. Mara akaitoa filimbi mdomoni, akainama, akasema, "Shikamoo mzee Jumbe." Mzee akasimama, akaitikia, akauliza habari za nyumbani. Kondo naye akauliza habari za mbuzi. Wachezaji wote tumesimama juani tunasubiri mbuzi wapone. Nimewatungia kanuni: filimbi kwanza, shikamoo baadaye. Wanaitikia ndiyo bwana, kesho wanarudia yaleyale.

Nina ombi. Marefa wanahitaji vizibao vyeupe ili wajulikane, na duka la hapa lina kaniki tu. Nitafutie kitambaa cheupe huko, umpe mtu yeyote anayekuja huku. Usiponiletea nitawavika magunia, na aibu itakuwa ya ukoo mzima.

Ni mimi mumeo wa utani,
Mwinyimadi

Kisarawe, 8 Machi 1953

Kwa refa mkuu wa Kwala na vichaka vyake,

Barua yako imefika inanuka mkonge. Baba ameitikia marahaba, ila anasema muhogo hakukupa, uliuchukua alipokwenda kuswali. Mwambie shangazi aje tumkande goti, na akija awe na adabu, mara ya mwisho aliwafundisha wadogo zangu nyimbo ambazo baba amezipiga marufuku na mama anaziimba jikoni.

Huo mpira wako na huku umefika. Wanacheza karibu na shule. Mkubwa wa timu ni Abdala, yule mwenye duka la kanga. Anaruka vizuri, siwezi kumsingizia. Taabu yake ni kaptula. Kila wiki anakuja kushonewa, na kila wiki imechanika mahali palepale, mpaka nimeanza kushuku kwamba anaichana mwenyewe. Akija hakai mbali na cherehani, na maneno yake ni matamu kama ya mtu anayeuza kanga, maana ndiyo kazi yake.

Wewe uliyesoma sheria, nieleze mambo mawili, nataka kujua tu. Mtu akishika mpira akasimama nao, hatupi, hadundishi, hampi mwenzake, anakodoa macho tu, sheria yenu inamfanya nini? Na refa akiona jambo kwa macho yake akanyamaza, anaweza kulipulizia baadaye?

Kitambaa sina nafasi ya kutafuta. Nina kaptula za kushona.

Biasha

Kwala, 29 Machi 1953

Kwa Biasha, mshona kaptula za watu,

Sisi wazima. Mvua imeanza, uwanja umekuwa jaruba, mchezaji akidundisha mpira unazama haurudi.

Nimefurahi sana kwamba umeanza kupenda sheria. Anayeshika mpira akazubaa nao huku mpinzani amembana, refa anapuliza na mpira unarushwa juu, mwenye mikono na auchukue. Ndiyo adhabu ya kuzubaa. La pili ndilo ninalowapigia kelele hawa wanne kila siku. Refa asipopuliza palepale, basi, amekosa. Hawezi kulala, akaamka kesho, akapuliza faulo ya jana. Filimbi isiyolia haina rufani. Nimewaimbisha mpaka wanaisema usingizini.

Mkombozi wangu ni Luhende, mmoja wa hao wanne. Ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wazaramo, na nadhani Mungu aliumba utani akijua siku moja kutakuwa na mpira wa kikapu. Sheria inasema mchezaji akipulizwa faulo anyooshe mkono mwenyewe, watu wote waone kwamba ni yeye. Wazee wetu hawataki kabisa. Mzee Jumbe anasema hajanyoosha mkono tangu alipokuwa chuoni, na hata huko alinyoosha kuomba ruhusa ya kujisaidia. Kondo anabaki kumwangalia kwa huruma. Luhende yeye anamwendea, anaukamata mkono wa mzee, anaunyanyua kama mlingoti wa bendera na kusema, "Huyu hapa mwizi wa kuku!" Uwanja mzima unavunjika mbavu, na mzee mwenyewe anacheka. Angefanya Kondo tungekuwa barazani tukishtakiwa sasa hivi. Afanyalo mtani halina kesi. Tatizo amenogewa. Jana alimpulizia mpishi kwa kuzidisha chumvi.

Huyo Abdala ana kaptula ngapi hasa? Nauliza tu.

Kuna jambo nilitaka kukuandikia, lakini karatasi imekwisha.

Mwinyimadi

Kisarawe, 12 Aprili 1953

Mwinyimadi,

Salamu za hapa zote ni njema. Karatasi yako ilikuwa na nafasi ya vidole vinne chini ya jina. Nimeipima.

Leo sina mzaha mwingi. Abdala ameleta posa. Baba hakukataa wala hakukubali, amesema kuna binamu, na binamu kwanza. Najua unaijua desturi yetu, lakini nakuandikia kwa vile kichwa chako siku hizi kimejaa pete za mapipa. Nguo ya binamu, anayoitoa mposaji, italetwa kwako. Ukiirudisha nzima kama ilivyokuja, umeufunga mlango, na itakubidi uje mwenyewe useme unachotaka. Ukiikata, umeniachia, nami nitaolewa na Abdala.

Anayeileta ni Mzee Mwinyijuma, mshenga. Jihadhari naye. Yule mtu anasema kwa mafumbo mpaka akiomba maji anapewa uji.

Abdala si mtu mbaya. Hanywi, hapigi, duka lake linakwenda. Ningependa awe mbaya kidogo, ingenirahisishia kazi.

Mimi sikuambii ufanye nini. Nilikwisha kukuuliza mambo mawili, ukanijibu kama kitabu.

Biasha

Kwala, 26 Aprili 1953

Kwa Biasha mwenye moyo wa dhahabu,

Huku mafuriko. Maji ya Ruvu yameila njia ya reli na posta haijaletwa tangu mwanzo wa mwezi, kwa hiyo kama umeniandikia sijapata. Lakini kitambaa nimepata! Kumbe ulikuwa unanifanyia kiburi tu, na huku unanitafutia. Mungu akuzidishie. Na kitambaa gani, bafta safi, laini, upande mzima haujaguswa. Nilitegemea marekani ya kufungia maiti.

Sikujua kwamba ungemtuma mtu mzima kama Mzee Mwinyijuma. Amekuja kwa miguu kutoka Mlandizi, matope mpaka magotini, maskini, na ametukuta katikati ya mazoezi. Nilikuwa na filimbi mdomoni. Akaniambia, "Mwanangu, wakubwa wa Kisarawe wamenituma na hii. Ukiipokea kwa moyo mweupe, basi tumeelewana na njia iko wazi." Nikamwambia nimeipokea kwa mikono miwili na nilikuwa naisubiri kwa hamu. Akanitazama sana. Akauliza, "Kwa hamu?" Nikamwambia usiku silali. Akasema kweli vijana wa leo wamebadilika.

Mimi nilikuwa na kazi ya kumzuia Kondo asimwamkie mlinzi wa lango la shamba, ambaye hata hayumo mchezoni. Luhende akaichukua nguo, akaikata papo hapo kwa kisu cha mkonge, vizibao vinne, na Mzee Mwinyijuma akishuhudia. Wamependeza kweli. Kondo tu ndiye anayefanana na maiti aliyeghairi.

Asante, Biasha. Sijui nikulipe nini. Barua hii nampa Mzee Mwinyijuma akirudi.

Mwinyimadi

Kisarawe, 10 Mei 1953

Bwana Mwinyimadi,

Sisi hatujambo. Barua yangu ya tarehe kumi na mbili Aprili, reli ikitengenezwa, utaipata. Ukishaisoma utajua umekata nini.

Mzee Mwinyijuma amewaeleza wazee kwamba hajapata kuona binamu aliyeachia kwa furaha kama wewe. Siku ya ndoa itapangwa Idd Pili jioni, mpira ukimalizika.

Hongera kwa vizibao. Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka mama akaja kuangalia, akanikuta nalia.

Filimbi isiyolia haina rufani. Wewe ndiye uliyesema.

Biasha

Kwala, 24 Mei 1953

Biasha,

Barua zako mbili zimefika kwa treni moja, nami kwa bahati yangu nikafungua ya pili kwanza. Nimezisoma zote nikiwa nimefunga, nikaishiwa nguvu, watu wakadhani ni swaumu. Luhende akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa pole, kisha akacheka tena. Ndiyo faida ya mtani.

Mama nimemwambia. Hakunipa pole. Amesema alizaa mtoto mmoja wa kiume na ndiye huyo aliyemgawa mwali wa ukoo apate sare za mpira.

Desturi ninaijua, Biasha. Hakuna asiyeijua. Nguo iliniingia machoni kama kitambaa kwa sababu nilikuwa nimekuomba kitambaa. Hicho ndicho kisa chote, na ni kisa cha mjinga.

Sasa nasema. Sitaki uolewe na Abdala. Nataka nikuoe mimi. Nilitaka tangu ulipokuja kukaa kwa mama mwaka ule wa njaa ukanikosoa kila nilichofanya mpaka namna ya kupuliza moto. Kila nilipotaka kusema nilifanya mzaha, kwa kuwa binamu na binamu mzaha umeruhusiwa, na nyuma ya mzaha mtu anaweza kujificha hata miaka. Karatasi ile ya Machi ilikuwa haijaisha. Nilikuwa naogopa.

Nakuja Idd Pili na timu na marefa wangu. Filimbi sitashika, maana refa mwenye lake uwanjani hafai. Nitawapa Kondo na Luhende. Mimi nitakwenda kwa Mjomba. Lakini nataka kujua kwanza kama wewe mwenyewe unataka. Nijibu, hata kwa tusi.

Mwinyimadi

Kwala, 7 Juni 1953

Biasha,

Reli imepona, posta inakuja, kutoka kwako hakuna kitu. Kondo ameniuliza kwa upole kama nawe umekwenda kuuliza habari za mbuzi.

Naja hivyohivyo.

Mwinyimadi

Kisarawe, 21 Juni 1953

Kwa Mwinyimadi,

Salamu kwanza, leo nina raha ya kusalimu. Mama anakusalimu, wadogo zangu wanakusalimu na wanataka filimbi. Mfikishie shangazi salamu zangu za pekee, umwambie goti lake lilionekana na watu wote siku ya Idd, katikati ya duara la ngoma.

Sikukujibu kwa makusudi. Ningekuandikia ndiyo, ungekuja kuchukua kilicho chako tayari. Nilitaka nione kama utapuliza hujui matokeo. Uliteseka wiki chache, mimi niliteseka tangu kaptula ya kwanza.

Mpira nauacha, uliuona mwenyewe mpaka ulipotoroka. Lakini hukuona mwisho. Abdala alikuwa na faulo nne, na ya tano ni kutoka, akamparamia mzee Jumbe wenu, na aliyekuwa karibu ni Kondo. Akapuliza, Mwinyimadi! Akamnyooshea Abdala kidole, akamwonyesha njia ya kutokea, wala hakumwuliza habari za mtu. Alipomaliza ndipo akamgeukia mzee Jumbe pale chini, akasema, "Shikamoo." Mzee akaitikia amelala. Watu walishangilia kuliko kikapu.

Na hapa nyumbani nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia yote. Wazee wamekaa na kahawa yao wanatafuta siku nzuri. Wewe ukaingia na jasho, ukasimama mbele yao ukasema, "Namtaka Biasha." Kisha ukakumbuka ukasema, "Shikamoo Mjomba." Mama alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Baba hakuitikia. Alikutazama akasema nguo ulipokea na nguo imekatwa, akakurudisha nje kama mbuzi aliyeingia shambani. Nikaona umeondoka na lori la wenzako umeinamisha kichwa, na nilitaka kukupigia kelele, lakini nyumba ilikuwa imejaa wazee.

Hukujua kwamba Luhende hakupanda lori. Alikuja hapa na vizibao vyote vinne begani, akavitupa mkekani mbele ya wazee, akasema, "Wazaramo, nguo yenu hii. Binamu hakukata. Aliyekata ni mimi, Mnyamwezi, kwa kisu changu, na huyu mshenga wenu aliniona. Au siku hizi afanyalo mtani lina kesi? Kama lina kesi nishtakini, na mimi nitawashtaki kwa kila kuku mliyenidai." Kisha akaketi pasipo kukaribishwa, akanywa kahawa ya baba. Wakamgeukia Mzee Mwinyijuma. Maskini, kwa mara ya kwanza maishani mwake alijibu bila fumbo. Alisema, "Kweli, ni huyu."

Wakabishana mpaka isha. Mwisho baba akasema, vyovyote vile, desturi inataka nguo irudi nzima, na hii ni matambara manne. Wakaenda kulala, Luhende akalala kwetu, akalaumu mto.

Asubuhi ya Idd Tatu wakakusanyika tena, na nguo iko juu ya mkeka, imekunjwa. Baba akaikunjua. Upande mmoja, mishono mitatu, imenyooka kama reli kabla ya mafuriko. Abdala alikuwapo. Aliishika, akaipapasa, akatikisa kichwa. Alisema mshono huu anaujua vizuri, ameuvaa kwenye kaptula, ila haujapata kuwa mzuri hivi. Akaikunja, akaiweka kwapani, akamshukuru baba kwa kahawa. Nilimwonea huruma, nakuambia kweli. Kisha akaniuliza mlangoni kama kaptula zake bado nitazishona. Nimekubali, lakini sasa atatuma mtu.

Alipotoka, baba akauliza, kwa sauti ile unayoijua, "Nani aliyeishona nguo hii?" Mzee Mwinyijuma akatazama paa. Luhende akatazama vidole vyake vya miguu. Na cherehani Kisarawe nzima iko moja.

Nikatoka nyuma ya mlango nikanyoosha mkono. Juu kabisa, kama ulivyowafundisha, watu wote waone kwamba ni mimi.

Baba alinitazama mpaka mkono ukaanza kuniuma. Sikuushusha. Akachukua kikombe chake, akakuta Luhende amekwisha kukinywa, akakiweka chini. Kisha akanipa salamu nikuandikie, na akaniambia nisiongeze wala nisipunguze neno.

Anasema: marahaba.

Biasha